Mzigo, Kofia na Mizizi: Uhakiki wa Istilahi za Antena Wima katika Mswada Mmoja wa Tafsiri

Miongoni mwa miswada iliyofika mezani petu kutakiwa maoni ya istilahi, umo mmoja ambao fani yake si ya kila siku. Ni tafsiri ya kijitabu cha mafunzo kwa wanaojishughulisha na redio kwa mapenzi yao wenyewe, na sura yake iliyo ndefu kuliko zote inaeleza jinsi ya kuifanya antena wima iliyo fupi itumike katika masafa ya chini kwa kuiongezea nyaya kileleni. Mfasiri hatutamtaja, kwa kuwa mswada haujachapishwa na bado ni mali yake. Yatosha kusema kwamba ni mtu aijuaye lugha: sentensi zake zina mwendo mzuri, upatanisho wake wa sarufi hauna dosari, na hakukimbilia kutohoa kila neno lililomshinda. Makosa tutakayoyajadili hayakutokana na uvivu. Yametokana na kufasiri neno mahali ilipopasa kufasiri kitu, nayo ni maradhi tuyaonayo katika miswada mingi, iwe ya ufundi wa magari, ya kodi au ya uuguzi. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuyaweka mbele ya wasomaji wa jarida hili, hata wale ambao hawatapanda juu ya paa kufunga waya maisha yao yote.

Kabla ya kuhukumu istilahi yatupasa kukijua kitu chenyewe. Antena wima ya kawaida ni mlingoti au waya uliosimamishwa, wenye urefu wa robo ya wimbi. Katika mawimbi mafupi sana hilo si tatizo, kwani robo ya wimbi la mita 10 ni mita 2 na nusu tu. Lakini mtu wa redio ya ridhaa apendaye kutumia wimbi la mita 160, yaani masafa yaliyo kati ya megahezi 1.8 na 2.0, atahitaji mlingoti wa mita 40 hivi, nao ni mrefu kuliko mnazi mrefu. Wachache wana uwanja au fedha za kusimamisha kitu kama hicho. Wengi husimamisha mlingoti wa mita 10 au 12, kisha hutafuta hila ya kuufanya uwe kama mrefu machoni pa umeme ingawa haukurefuka machoni pa watu.

Hila ziko mbili. Ya kwanza ni kuweka koili chini ya mlingoti. Ya pili ni kutandaza nyaya kileleni, ama mbili zinazonyooka kushoto na kulia kama herufi T, ama moja inayoelekea upande mmoja kama herufi L iliyopinduliwa, ama kadhaa zilizopangwa kama njiti za gurudumu, ama nyingine zinazoteremka kwa mshazari kama mbavu za mwavuli. Tofauti ya hila hizi mbili ni kubwa. Katika mlingoti mtupu, mkondo wa umeme hupungua kadiri unavyopanda, na nchani hauna budi kuwa sifuri, kwa sababu hapana mahali pa kwendea. Ukitandaza nyaya kileleni, chaji inapata pa kuenea, na mkondo unaufikia mwisho wa mlingoti ukiwa na nguvu karibu sawa na ya chini. Ni kama mfereji wa maji. Mfereji uliozibwa mwishoni maji yake hutuama, na uliofunguliwa kwenye bwawa maji yake hupita.

Faida yake yaweza kuhesabiwa. Kiasi ambacho wahandisi hukitumia kupima uwezo wa antena kutoa mawimbi huandamana na mraba wa wastani wa mkondo katika mlingoti. Mlingoti mfupi usio na kitu kileleni una wastani ulio nusu ya mkondo wa chini, na uliotandaziwa nyaya za kutosha una wastani unaokaribia mkondo wote. Nusu ikiwa moja, mraba wake huwa mara nne. Kwa mlingoti wa mita 12 na wimbi la mita 160, kiasi hicho ni omu 2.2 hivi bila nyaya za kileleni, na hukaribia omu 8.9 pamoja nazo. Tukichukulia kwamba ardhi inapoteza umeme kwa kadiri ya omu 10, mlingoti mtupu utatoa angani asilimia 18 tu ya nguvu uliyopewa, hata kabla ya kuhesabu kinachopotea katika koili iliyo chini, hali wenye nyaya kileleni utatoa asilimia 47. Mtu aliyenunua mtambo wa wati 100 kwa jasho lake ana haki ya kujua kama ni wati 18 au 47 zinazotoka. Kwa kiasi fulani, atalijua hilo au hatalijua kulingana na istilahi tutakazompa.

Sasa tuingie katika mswada. Neno kuu la sura, lile ambalo katika Kiingereza limetokana na kupakia, mfasiri amelifasiri kupakia mzigo juu. Anasema, kwa mfano, kwamba "antena fupi yapasa kupakiwa mzigo wa kutosha juu yake". Msomaji wa kawaida ataelewa nini? Ataona mlingoti uliotwishwa kitu kizito, na kwa kuwa ameambiwa mzigo uwe wa kutosha, ataanza kuwaza juu ya kilo. Fundi wa umeme naye ataelewa jambo jingine kabisa. Kwake mzigo ni kile kinachotumia umeme mwishoni mwa nyaya, kama taa, pasi au mota. Matumizi hayo yamekwisha zoeleka katika vyuo vya ufundi na hatuna sababu ya kuyavuruga. Fundi huyo atatafuta ni chombo gani kinachotakiwa kufungwa kileleni ili kile umeme, na asikione.

Kuna na mzigo wa tatu, ulio mzigo wa kweli. Nyaya za kileleni zina uzito, na upepo unazipiga. Mlingoti na kamba zinazoushikilia havina budi kuvumilia vyote viwili. Jambo hili si dogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Reginald Fessenden alisimamisha milingoti miwili, mmoja Brant Rock katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na mwenzake Machrihanish huko Scotland, kila mmoja ukiwa na urefu wa futi 420 na mwavuli wa nyaya kileleni. Mlingoti wa Machrihanish ulianguka katika dhoruba ya Desemba 1906, na mawasiliano yaliyokuwa yameanza kuvuka bahari ya Atlantiki yakakoma. Kijitabu chochote cha aina hii lazima kimwonye msomaji juu ya uzito na upepo, na mswada wetu unafanya hivyo katika ukurasa unaofuata kwa kutumia neno lile lile: "mzigo usizidi uwezo wa mlingoti". Basi katika kurasa mbili msomaji anaambiwa aongeze mzigo wa kutosha na asizidishe mzigo. Akifuata la kwanza atavunja la pili, wala hana njia ya kujua kwamba ni mizigo miwili isiyohusiana.

Huenda mfasiri atajitetea kwa kusema kwamba Waingereza nao wanatumia neno moja kwa yote matatu. Ni kweli, ila tuangalie lilivyofika huko. Mwaka 1900 Michael Pupin alipata hataza nchini Marekani kwa ajili ya koili zilizofungwa kila baada ya umbali fulani katika nyaya ndefu za simu ili sauti isififie njiani. Jambo hilo lilielezwa kwa mfano wa uzi unaotetemeka ambao umefungwa vizito vidogo kama shanga: uzi uliobebeshwa vizito hutetema kwa namna nyingine kuliko uzi mtupu. Mpiga tabla wa taarabu anaujua ukweli huo mkononi, kwani ule mduara mweusi ulio katikati ya ngozi ndio unaoibadili sauti ya ngoma. Mfano huo wa vizito ulikuwa mzuri kwa waliouzoea uzi wa maabara. Sisi hatukurithi uzi wala vizito. Tukilichukua neno la mzigo peke yake, tunachukua ganda na kuliacha tunda kule lilikotoka.

Rai yetu ni kwamba istilahi ya Kiswahili itazame kazi inayofanyika. Kinachofanyika ni kuirefusha antena kwa kipimo cha umeme bila kuiongeza kimo. Tunapendekeza kurefusha kiumeme kwa tendo lenyewe kwa jumla, liwe limefanywa kwa koili au kwa nyaya. Pale panapotakiwa kutaja mahali, tuseme kurefusha kutoka shinani kwa koili iliyo chini, na kurefusha kutoka kileleni kwa nyaya zilizo juu. Neno mzigo libaki kwa uzito na upepo, na mzigo wa umeme ubaki kwa wenye taa na mota zao. Tunajua kwamba maneno matatu ni marefu kuliko moja, na walimu watatulalamikia. Lakini urefu wa istilahi si dhambi ikiwa kila neno lililomo linafanya kazi.

Ili kuipima istilahi hii, tuijaribu juu ya kitu kikubwa kuliko mlingoti wa uani. Huko Grimeton, karibu na mji wa Varberg katika pwani ya kusini magharibi ya Uswidi, kiko kituo cha redio kilichofunguliwa na Mfalme Gustaf V tarehe 2 Julai 1925. Mtambo wake ni mashine ya kuzunguka iliyobuniwa na Ernst Alexanderson, nao hutoa masafa ya kilohezi 17.2, ambayo wimbi lake lina urefu wa kilometa 17.4. Robo ya wimbi hilo yapita kilometa 4, kimo ambacho hapana mnara uliopata kukifikia. Walichofanya ni kusimamisha minara sita ya mita 127 kila mmoja, na juu yake kutandaza nyaya zenye urefu wa kilometa 2.2. Kutoka katika nyaya hizo hushuka waya wima penye kila mnara hadi kwenye koili iliyo chini. Mgeni akiangalia atadhani kwamba nyaya ndefu za juu ndizo antena. Sivyo. Wanaotoa mawimbi ni zile nyaya sita fupi za wima, na zile ndefu kazi yake ni kuzirefusha kiumeme kutoka kileleni. Sentensi hii ya mwisho tumeiandika bila kutafuta maneno, na aliyezisoma aya zilizotangulia ameielewa. Jaribu kuiandika kwa mzigo uone. Kituo hicho kiliingizwa na Unesco katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, na hadi leo huwashwa katika siku chache za mwaka, hasa siku ya kumkumbuka Alexanderson na mkesha wa Krismasi, wapenzi wa redio wa nchi nyingi wakitega masikio.

Kosa la pili tunaliona zito kuliko la kwanza, ingawa ni neno moja tu. Kile kiasi cha omu 2.2 na 8.9 tulichokitaja mfasiri amekiita upinzani wa mionzi. Tuanze na upinzani. Fizikia ya Kiswahili imekwisha kubaliana juu ya ukinzani, na neno upinzani, hasa tangu vyama vingi viliporejea Tanzania mwaka 1992, limepata makao yake bungeni. Hilo peke yake lingetosha kulikataa. Lakini kilichotusumbua zaidi ni athari yake kwa msomaji. Upinzani ni jambo la kushindwa au la kupunguzwa. Msomaji aliyefundishwa katika sura ya kwanza kwamba ukinzani wa nyaya hupoteza umeme, akifika hapa na kukuta upinzani wa mionzi, atadhani ni adui mwingine wa aina ile ile, na atafanya kila awezalo kuupunguza. Na kuupunguza ni rahisi sana: afupishe mlingoti! Kumbe kiasi hiki ndicho kinachopima umeme uliogeuka kuwa mawimbi na kwenda zake angani, yaani ndiyo kazi yenyewe tuliyoitakia antena. Hila yote ya nyaya za kileleni inafanywa ili kiongezeke.

Tumependekeza ukinzani wa mnururisho. Ukinzani, kwa sababu wahandisi hukipima kwa omu na kukiweka katika hesabu pamoja na ukinzani mwingine, na hatuna ruhusa ya kuvunja udugu huo. Mnururisho, kwa sababu ndilo neno la kutoa nishati kwa njia ya mawimbi, hali mionzi ni ile miali yenyewe, na masikioni mwa watu wengi imekwisha fungamana na picha za eksirei hospitalini na hofu ya saratani. Hata hivyo istilahi hii, iliyo sahihi, haitamwokoa msomaji peke yake. Mara ya kwanza inapotajwa yapasa kufuatiwa na maelezo kwamba huu ni ukinzani wenye faida, na kwamba ule usio na faida ni wa ardhi, wa koili na wa viungo vilivyoota kutu. Maelezo ya sentensi moja mahali pake yana nguvu kuliko faharasa ya kurasa kumi mwishoni mwa kitabu.

Neno hilo hilo mionzi limemponza mfasiri mahali pengine, na hapa kosa lina sura ya kuchekesha. Chini ya antena wima hutandazwa nyaya nyingi zinazotoka shinani kwenda pande zote, juu ya ardhi au zikiwa zimefukiwa kidogo, ili mkondo unaorudi usipite katika udongo unaoupoteza. Mwaka 1937 wahandisi wa Marekani Brown, Lewis na Epstein walichapisha vipimo vyao juu ya nyaya hizo, wakiwa wamejaribu hadi nyaya 113 kwa mlingoti mmoja, na tangu hapo vituo vya utangazaji vimekuwa vikitandaza kama 120. Kiingereza kinaziita kwa neno lenye shina moja na lile la mionzi, kwa maana zote mbili zatoka katika njiti za gurudumu zinazotawanyika kutoka kitovuni. Mfasiri akaziita nyaya za mionzi. Kumbe hizi ndizo nyaya ambazo hazitakiwi kutoa mawimbi, na zikitandazwa kwa usawa kila upande, mikondo yake hukabiliana na kufutana. Msomaji atakayeziinua juu ya paa ili "mionzi" itoke vizuri ataturudishia kitabu kwa hasira.

Sisi tungeziita mizizi, au nyaya za mizizi kwa ukamilifu. Zinatoka shinani, zinatawanyika, nyingi zinakaa ardhini, na mlingoti bila hizo hauna nguvu. Zaidi ya hayo neno linakaa vizuri pamoja na shina na kilele tulivyokwisha kuvitumia, na istilahi za ukoo mmoja husaidiana kukumbukwa. Kuna watakaouliza juu ya zile nyaya za aina hii zinazofungwa mita kadhaa juu ya ardhi: je, kuna mizizi ya hewani? Tunawaomba wafike ufukweni wautazame mkoko.

Tumeacha kwa makusudi hadi sasa neno lililotupa kazi kubwa kuliko yote, yaani jina la zile nyaya za kileleni zenyewe. Mswada unaziita kofia ya ujazo. Ujazo ni wa debe na pishi, na tunaona wazi lilikotoka: neno la Kiingereza la zamani kwa kapasitansi lilikuwa moja na lile la ujazo wa chombo. Hapa hatuna mjadala. Kapasitansi imekwisha ingia katika Kiswahili kwa mlango wa kutohoa, na ujazo uondoke.

Kofia je? Kwa siku kadhaa tulijaribu kilemba. Ni neno zuri, lina heshima, na linakaa kileleni bila kusukumwa. Tulililegeza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi, kwamba antena iliyovikwa kilemba itawakumbusha watu kilemba cha ukoka, na mwenye antena atadhani anasifiwa uwongo. Ya pili ndiyo iliyolikata jambo: kilemba huzungushwa. Fundi akisikia mlingoti wenye kilemba atachukua waya na kuuzungusha juu, naye atakuwa ametengeneza koili, ambayo ni ile hila nyingine tuliyotaka kuitenga na hii. Rafiki zetu wa pwani walitupa foromali, ule mti wa jahazi unaopandishwa mlingotini kuchukua tanga, na kwa kweli mlingoti na foromali vina sura ya antena ya herufi T kuliko kitu chochote tukijuacho. Tungelikubali kwa mihimili yenye mita 46 iliyo juu ya minara ya Grimeton, ambayo kwayo nyaya zimeshikwa. Lakini foromali ni moja na ni mti. Nyaya za gurudumu na za mwavuli hazimo ndani yake, na mwalimu wa bara atalazimika kuieleza jahazi kabla ya kuieleza antena.

Tumerudi basi kwenye kofia ya mfasiri, na tunampongeza. Tungependekeza kofia ya nyaya kwa jumla, na chini yake kofia ya T, kofia ya L, kofia ya gurudumu na kofia ya mwavuli. Juu ya hii ya mwisho, mswada unasahau kumwonya msomaji kwamba mbavu za mwavuli zikiteremka mno, mkondo wake unaoelekea chini hupingana na ule unaopanda mlingotini, na ukinzani wa mnururisho hupungua tena. Hilo si kosa la istilahi, bali tumelitia alama pembeni.

Kofia ina hatari yake hata hivyo. Kwetu kofia hukinga. Kofia ya pikipiki hukinga kichwa na ya jua hukinga macho, na mfasiri mwenyewe ameteleza katika mtego huo alipoandika kwamba kofia "huilinda ncha ya antena". Hailindi kitu. Katika antena fupi inayotumia nguvu kubwa, ncha za nyaya hizo zaweza kuwa na maelfu ya volti wakati mtambo unatuma, na anayezigusa ataungua. Zikifungwa kwenye mti au ukuta bila vihami, cheche huruka. Tunashauri sentensi hiyo ifutwe yote, na mahali pake paandikwe onyo, kwa herufi nzito, kwamba ncha za kofia zishikwe kwa vihami na zikae mbali na mikono ya watu, hasa watoto. Istilahi njema yaweza kuvutia wazo baya nyuma yake kama mkia, na mfasiri hana budi kuukata pale pale unapoonekana.

Yaliyobaki tutayapita upesi, ila moja. Neno masafa linatumika katika mswada kwa maana mbili zinazokwenda kinyume. Wasikilizaji wa zamani wa idhaa za ng'ambo wameyazoea masafa mafupi na mita bendi zake, na hapo ufupi ni wa wimbi. Katika sheria na leseni za mawasiliano, masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na hapo husemwa ya juu na ya chini. Wimbi likirefuka, idadi hiyo hushuka. Kwa hiyo mtu aambiwaye katika mstari mmoja "masafa ya chini" na katika mwingine "masafa marefu" anaambiwa jambo moja kwa vipimo viwili, na akiambiwa "masafa mafupi" baada ya "masafa ya juu" ni vivyo hivyo, bila mtu kumfahamisha. Hatuwezi kuyafuta masafa mafupi midomoni mwa watu, wala hatutaki. Katika maandishi ya ufundi, lakini, masafa yachukue juu na chini tu, na urefu na ufupi waachiwe wimbi: wimbi la mita 160, wimbi la mita 80, masafa ya megahezi 3.5.

Jina la fani yenyewe, ambalo mswada unaliita redio ya wanagenzi, lazima libadilike. Mwanagenzi ni anayejifunza kazi ya mwingine ili siku moja aifanye kwa ujira. Kanuni za kimataifa za redio zinawaeleza watu hawa kuwa ni wenye idhini, wanaojifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa ufundi kwa shauku yao wenyewe bila kutafuta fedha. Wamo miongoni mwao wahandisi wenye mvi. Wanamichezo walikwisha tupa ridhaa kwa maana hiyo, na redio ya ridhaa inasikika vyema. Neno mwangwi alilolitumia kwa hali ya antena kuafikiana na masafa yake halifai, kwa kuwa mwangwi ni sauti irudiyo kutoka bondeni. Kwa sasa atumie resonansi. Antena ya kusimama iwe antena wima, kama mstari wima wa darasa la jiometria.

Ili tusionekane kuwa tumebomoa bila kujenga, hii ndiyo aya ya kwanza ya sura ile kama ambavyo tungeiandika: "Antena wima iliyo fupi kuliko robo ya wimbi ina ukinzani mdogo wa mnururisho, na kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake hupotelea ardhini. Yaweza kurefushwa kiumeme kutoka shinani kwa koili, au kutoka kileleni kwa kofia ya nyaya. Njia ya pili huongeza ukinzani wa mnururisho na yafaa itangulizwe kila inapowezekana. Kwa njia yoyote, tandaza mizizi mingi kadiri uwezavyo, na uhakikishe kwamba mlingoti na kamba zake vinahimili mzigo wa kofia na wa upepo."

Limebaki suala la kamba hizo. Mfasiri ameziita kamba za mvulana, na hatudhani kwamba alikusudia kufanya mzaha. Wanamaji wana maneno kadhaa kwa kamba za jahazi, lakini mengi ni ya kupandisha na kugeuza, hali hizi hazipandishi wala hazigeuzi kitu. Zinaushika mlingoti usilale. Hadi litakapopatikana neno moja, tumeandika pembeni kamba za kushikilia mlingoti, na mswada tunaurejesha kwa mwenyewe pamoja na alama hizo.